Saa ya Mteja: Nani Anahesabu, na Anahesabu Nini

Mwanagenzi wa saikolojia tiba akiongoza kundi la watu wazima 12 kwa muda wa saa mbili, amekuwa na wateja kwa saa ngapi? Mbili, au 24? Swali laweza kuonekana la mzaha, ila APPIC, jumuiya inayounganisha vituo vya mafunzo tarajali ya wanasaikolojia huko Marekani na Kanada, imeona vyema kulijibu kwa maandishi katika fomu yake ya maombi: ni mbili. Fomu hiyohiyo inamruhusu mwanafunzi aandike kikao cha dakika 45 hadi 50 kuwa saa kamili. Inamkataza kuhesabu vipimo alivyomfanyia mwanafunzi mwenzake kwa mazoezi. Ni kanuni ndogondogo, za kikarani kabisa, na bado zinachangia kuamua nani ataitwa kwenye usaili, nani atabaki chuoni mwaka mwingine, na mwanafunzi aliye hospitalini ataitumiaje Jumatano yake.

Katika shahada za uzamili na uzamivu za saikolojia, iwe ya tiba, ya unasihi au ya shule, muda wa mafunzo kwa vitendo hugawanywa mafungu matatu. Kuna muda ambao mwanafunzi yuko na mteja. Kuna muda wa kuketi na msimamizi na kuyapitia yaliyotokea. Halafu kuna mengineyo yote: kusoma faili, kuandika taarifa, kuhudhuria mikutano ya wodi, kukokotoa matokeo ya vipimo, kufukuzia karatasi ya rufaa iliyopotea. Fungu la pili halina utata mkubwa. Ugomvi uko kwenye mpaka wa la kwanza na la tatu, kwa sababu la kwanza ndilo linalotazamwa na wanaotoa nafasi, vyeti na leseni. Kila mwenye kazi iliyo mpakani angependa ivushwe upande huo.

Nitasema mapema ninaposimama. Ufafanuzi mpana unaoambatana na idadi kubwa ya saa unamficha mwanafunzi mvivu na kumchosha mwenye bidii. Afadhali ufafanuzi finyu, idadi ya wastani, na msimamizi aliyekiona kikao kwa macho yake au kukisikia kwenye kinasa sauti. Mengi yanayofuata ni sababu zilizonifikisha hapo, pamoja na mahali ambapo hoja yenyewe inapata taabu.

Tuanze na saa yenyewe, maana katika fani hii ni nadra kuwa na dakika 60. Freud, katika makala yake ya 1913 kuhusu namna ya kuanza tiba, alieleza kwamba kila mgonjwa hukodi saa yake ya siku na huilipia hata asipoitumia. Baadaye zikazoeleka dakika 50, zile kumi zikiachwa kwa kuandika na kuvuta pumzi. Mwaka 1955 Robert Lindner alikipa kitabu chake cha visa vya wagonjwa jina linalotokana na hesabu hiyo. Bima za Marekani nazo zina hesabu yao. Chini ya msimbo 90834, kikao cha kati ya dakika 38 na 52 huhesabiwa kuwa cha dakika 45. Ili kiitwe cha dakika 60, chini ya msimbo 90837, sharti kifike dakika 53. Hivyo kikao kimoja cha dakika 50 ni 45 mbele ya bima na ni 60 kwenye daftari la mwanagenzi. Hakuna aliyedanganya. Kila ofisi imejiwekea saa inayofaa kwa shughuli yake, na ile ya mafunzo imewekwa ili mwanafunzi asiadhibiwe kwa kufuata desturi ya kazi anayojifunza.

Marekani inafaa kutazamwa kwa kirefu, kwa kuwa huko ndiko kuhesabu saa kulikopea hadi kukawa kama somo la ziada. Njia ya kuwa mwanasaikolojia mwenye leseni kwa kawaida hupita kwenye uzamivu. Mwanafunzi hufanya mafunzo kwa vitendo kwa miaka kadhaa huku akisoma, kisha huomba nafasi ya mafunzo tarajali ya kama mwaka mmoja. Kituo kilicho mwanachama wa APPIC lazima kitoe angalau saa 1,500 ndani ya miezi 9 hadi 24, na si chini ya robo ya muda wa mwanagenzi iwe huduma ya ana kwa ana kwa wagonjwa. Usimamizi ni saa nne kwa wiki, mbili kati yake wakiwa msimamizi na mwanagenzi peke yao. Iangalie hiyo robo. Waliotunga sharti hilo walijua kwamba siku ya mwanasaikolojia haijai wateja kuanzia asubuhi hadi jioni, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika mteja akiwa keshaondoka.

Busara hiyo ya robo hupotea mlangoni. Ili uipate nafasi ya tarajali, ni lazima uorodheshe saa ulizokusanya kabla yake: za tiba ya mtu mmoja mmoja, za wanandoa, za familia, za makundi, za vipimo, zikigawanywa tena kwa watoto, vijana na watu wazima. Vituo vingi hutangaza kima cha chini cha saa wanachotaka. Kwa miaka mingi waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi, na mwaka 2012 chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilitenga hadi dola milioni 3 kusaidia kuanzisha nafasi zaidi. Mtu anayegombea nafasi chache hatosheki na kima cha chini. Mwenzake ana saa 600, yeye anataka 800. Aliye na 800 anamsikia wa 1,000. Miaka michache kabla, mwaka 2006, APA yenyewe ilikuwa imeongeza sababu nyingine ya kuhesabu: mwaka wa pili wa uzoefu unaosimamiwa, ambao desturi iliudai baada ya kuhitimu, ukakubaliwa kutimizwa kabla ya hapo, na baadhi ya majimbo yakabadili masharti ya leseni kufuata njia hiyo. Saa za mwanafunzi wa mwaka wa pili zikaanza kunukia leseni. Biashara nayo haikulala. Leo kuna programu za kulipia, kama Time2Track, ambazo kazi yake kubwa ni kumsaidia mwanafunzi kuhesabu saa.

Sina neno na wanafunzi hao. Wakifanya hesabu ya manufaa yao, ndivyo wanavyopaswa kufanya. Neno langu ni kwa muundo unaomfanya mtu wa miaka 26 achague kituo kwa wingi wa wateja kuliko kwa ubora wa msimamizi, na aone saa tatu za kuandika ripoti nzuri kama hasara.

Linganisha na jirani wao wa karibu, CACREP, chombo kinachothibitisha programu za uzamili za unasihi hukohuko Marekani. Masharti yake ni mepesi kukumbuka: mafunzo ya awali ya saa 100, kati yake 40 za huduma ya moja kwa moja, kisha mafunzo tarajali ya saa 600, kati yake 240 za huduma hiyo. Ni asilimia 40 mara zote mbili. Kinachovutia ni jinsi wanavyoeleza huduma hiyo ni nini. Wanataka stadi za kitaaluma zitumike kwa wateja halisi, kwa lengo la kuleta badiliko fulani katika fikra, hisia, mwenendo au mahusiano yao, na sharti kuwe na maingiliano na watu. Tathmini inaingia, elimu ya kisaikolojia inaingia, hata mashauriano yanaingia. Kisha wanataja visivyoingia: kutazama mwingine akihudumia, kutunza kumbukumbu, kazi za utawala, na usimamizi. Orodha hii ya pili ndiyo yenye thamani zaidi. Ufafanuzi mwingi duniani husema kilichomo na kunyamaza kuhusu kisichokuwamo, na ukimya huo hujazwa na wanafunzi walioishiwa saa wiki mbili kabla ya muhula kufungwa.

Hata hivyo CACREP wameacha mlango wazi kwenye mashauriano. Mazungumzo ya nusu saa na mwalimu wa mtoto mmoja yanaweza kuwa tiba kwa njia ya mwalimu. Yanaweza pia kuwa porojo za ofisini. Kigezo cha maingiliano na watu hakitofautishi haya mawili.

Napendekeza masharti mawili, yote yatimie. La kwanza: mteja, au mtu anayewajibika kwa mteja huyo, awepo au awe kwenye simu, na aweze kujibu. La pili: huduma ingekuwa tofauti kama mwanagenzi asingekuwepo. Hili la pili ni gumu zaidi na ndilo lenye kazi. Mwanagenzi aliyekaa nyuma ya kioo anajifunza mengi, lakini mteja hajapata chochote kutoka kwake. Umwondoe, kikao kinabaki kilekile. Aliyekaa chumbani kimya akiandika, vivyo hivyo. Wanaoongoza pamoja ni jambo jingine: msimamizi akiwa chumbani lakini mwanagenzi ndiye anayeuliza na kufuatilia, hiyo ni saa yake kamili, na uwepo wa msimamizi unaiongezea uzito. Nashangaa wanaodhani kwamba saa ya kweli ni ile ya mwanafunzi kuachwa peke yake. Carl Rogers alikuwa akirekodi vikao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940 alipokuwa Chuo Kikuu cha Ohio State, na mwaka 1942 akachapisha kisa kizima cha mteja mmoja neno kwa neno, akijua kwamba anachosimulia mtaalamu baada ya kikao na kilichotokea ndani yake mara nyingi havifanani. Viwango vya sasa vya uthibitisho vya APA vinadai kwamba kila tathmini ya mwanafunzi itegemee, angalau kwa sehemu, kikao ambacho msimamizi amekiona moja kwa moja au kwa njia ya kielektroniki. Ni sharti jepesi mno kwa maoni yangu, lakini lipo.

Tuvipime vingine kwa masharti hayo mawili. Mazungumzo na mama wa mtoto wa miaka sita yanapita, maana bila mama hakuna tiba ya mtoto huyo. Simu ya dakika 40 na mteja anayesema amechoka kuishi inapita, na ajabu ni kwamba kwa muda mrefu kanuni nyingi zilisisitiza ana kwa ana kiasi kwamba kazi hiyo, ambayo pengine ndiyo nzito kuliko zote za wiki, ilibaki bila safu ya kuandikiwa. Igizo la mwanafunzi mwenzake kujifanya mteja halipiti, hata likiwa na manufaa gani. Vilevile kuigiza na mtu aliyelipwa. Linafaa lihesabiwe, lakini katika safu yake.

Mteja asiyetokea anahitaji maneno zaidi. Freud alitoza ada ya saa hiyo. Mwanagenzi wa leo hukaa dakika 50 akitazama mlango, kisha haandiki kitu. Kwa sharti la kwanza hiyo ni haki, kwani hapakuwa na mteja. Lakini tazama mzigo unamwangukia nani. Wateja wanaokosa vikao zaidi ni wale wasio na nauli, wanaofanya kazi za zamu, wenye watoto wasio na wa kuwaachia. Kituo kinachowahudumia hao kitampa mwanagenzi saa chache kuliko kliniki ya mtaa wa wenye uwezo, na mwanagenzi mwenye akili ataliona hilo anapochagua pa kwenda. Ufafanuzi usio na upendeleo wowote kwenye karatasi unawasukuma wanafunzi mbali na maskini. Dawa si kumpa saa ya bure. Akipewa, siku ya mvua kubwa itakuwa sikukuu. Dawa ni safu ya vikao vilivyopangwa na visivyofanyika, ionekane na anayesoma daftari, na chuo kipunguze idadi inayodaiwa kwa vituo ambavyo safu hiyo ni ndefu. Mkuu wa programu anayejua vituo vyake hashindwi kufanya hivyo.

Ripoti nazo. Tuseme mwanafunzi wa saikolojia ya ubongo anampima mzee aliyepata kiharusi. Vipimo vinachukua saa nne, mrejesho kwa mzee na binti yake saa moja. Kukokotoa, kusoma faili la hospitali na kuandika ripoti kunachukua saa nane. Kwa kanuni za APPIC zile tano zinakwenda upande wa huduma, nane upande wa kazi za kuunga mkono. Mwenzake anayefanya tiba ya maongezi angetumia siku hizohizo kuona wateja kumi na kuandika saa kumi, huku kila kumbukumbu ya kikao ikimchukua robo saa. Wa vipimo analalamika, na ana haki ya kulalamika: ripoti yake ndiyo itakayoamua kama mzee atarudi kusimamia duka lake au binti ataomba mamlaka ya kisheria. Wapo wanaotaka kuandika ripoti kuhesabiwe kama kuonana na mteja kwa kuwa ni kazi inayomhusu mteja huyo moja kwa moja. Hapo siungi mkono. Kila karatasi hospitalini inamhusu mteja fulani, na tukifungua mlango huo, mwisho wake mtu atahitimu akiwa bingwa wa kuandika kuhusu watu asiojua kuketi nao. APPIC wana njia bora, na ni ajabu haisifiwi inavyostahili: fomu yao inauliza idadi ya ripoti kamili zilizosimamiwa, zile zinazounganisha historia, mahojiano na vipimo zaidi ya kimoja. Kazi ya kuandika inahesabiwa kwa ripoti zilizokamilika, si kwa muda. Hapo mwanafunzi hana sababu ya kuandika polepole wala ya kukwepa.

Janga la mwaka 2020 lilivunja neno ana kwa ana kwa wiki chache tu. Kliniki za vyuo zilifungwa Machi, wanafunzi wakarudi nyumbani, na vyombo vya uthibitisho vya nchi nyingi vikakubali vikao vya video vihesabiwe. Mjadala wa miaka mingi ukamalizika kwa dharura. Kilichobaki ni maswali ya kiutendaji: mteja yuko jimbo gani au nchi gani, faragha yake ikoje nyumbani, nani ataitwa akizidiwa. Kwa masharti yangu mawili video inapita bila shida. Ujumbe mfupi wa maandishi ndio unaonitatiza, kwa sababu mteja anaweza kujibu baada ya siku tatu, na sijui nani atahesabu siku tatu.

Uingereza na Australia zinatufundisha jambo ambalo Wamarekani hulizungumza kwa sauti ndogo, nalo ni fedha. Mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia tiba nchini Uingereza ni mwajiriwa wa huduma ya afya ya taifa, NHS, kwa miaka mitatu, na analipwa mshahara. Msimamizi wa taaluma, HCPC, anayewasajili wanasaikolojia tangu 2009, hapangi idadi ya saa za wateja. Anataka mafunzo yawe ya muda na upana wa kutosha kumfikisha mtu kwenye uwezo uliotajwa. Ndugu zao wa saikolojia ya unasihi, ambao wengi hujilipia masomo na hutafuta vituo wenyewe, kwa miaka mingi wamedaiwa na chama cha wanasaikolojia cha Uingereza, BPS, saa 450 za wateja zilizosimamiwa. Nionavyo mimi tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Anayelipwa kuwepo kazini siku tano anaaminiwa kwamba saa zitakuja zenyewe. Anayejitolea siku mbili kwa wiki kwenye shirika la hisani hana wa kumwamini ila daftari lake.

Australia wamechukua njia ya jumla. Uzamili wa kitaaluma unaofuata viwango vya mwaka 2019 vya APAC, chombo kinachothibitisha programu za saikolojia huko, unadai saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo kwa mwenye kutaka eneo maalumu la kazi: 300 za hatua ya kwanza na 700 za ya pili. Kwa desturi saa hizo hazilipwi. Serikali ya huko ilipoanza Julai 2025 kuwalipa wanafunzi walio kwenye mafunzo ya lazima, ilianza na walimu, wauguzi, wakunga na maofisa ustawi wa jamii, wanasaikolojia hawakuwamo. Saa elfu moja bila malipo ni kama miezi sita ya kazi ya kutwa. Anayedai nyongeza ya saa katika mfumo kama huo anachuja watu kwa uwezo wa wazazi wao, hata kama nia yake ni ubora wa huduma.

Je, nyongeza hiyo huleta ubora? Ushahidi hauwapi raha wanaopenda idadi kubwa. Mwaka 2016 Simon Goldberg na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia watoa tiba 170 na wagonjwa 6,591 kwa miaka kadhaa. Matokeo ya wagonjwa hayakupanda kadiri mtaalamu alivyozidi kuwa na uzoefu. Kwa wastani yalishuka kidogo mno, ingawa wagonjwa walioacha tiba mapema walipungua. Baadhi ya wataalamu waliboreka, wengine hawakuboreka. Hao ni watu waliokuwa kazini, si wanafunzi tu, na sitaki kuubebesha utafiti mmoja mzigo usio wake. Lakini kama maelfu ya saa hayamfanyi mtu kuwa bora yenyewe tu, tofauti kati ya mwanafunzi wa saa 700 na wa saa 900 haiwezi kutuambia mengi.

Kuna waliolipeleka hilo hadi mwisho. Mkutano wa Scottsdale, Arizona, mwaka 2002, na vigezo vya umahiri vilivyochapishwa mwaka 2009, vilianzisha fikra kwamba mwanafunzi apimwe kwa anachoweza: kuunda uhusiano, kutambua hatari, kuujua mpaka wake, kuandika kinachoeleweka. Saa zingebaki kumbukumbu tu. Nawaelewa, na nusu ya moyo wangu iko nao. Nusu nyingine inakumbuka jinsi tathmini za umahiri zinavyojazwa mwisho wa muhula: msimamizi mwenye wanafunzi watano na foleni ya wagonjwa anaweka alama ya nne kwenye kila mstari na kutia saini. Saa angalau ni vigumu kuibuni bila kuacha alama, kwani kuna faili la mteja, kuna tarehe, kuna chumba kilichowekwa nafasi. Saa ni sakafu. Inamlinda mgonjwa dhidi ya mtu aliyesoma tu, na inamlinda mwanafunzi dhidi ya kituo kinachomgeuza karani au mtengeneza chai. Kituo kilichoahidi saa 240 za wateja na kutoa 60 kinaweza kubanwa; kilichoahidi mazingira mazuri ya kujifunzia hakibaniki.

Afrika Mashariki swali hili limefika nasi tukiwa bado na nafasi ya kuchagua. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kusajili wataalamu na kusimamia mafunzo yao. Vyuo Vikuu vya Nairobi na Makerere, pamoja na Muhimbili, vinafundisha uzamili wa saikolojia tiba, na wanafunzi hupelekwa kwenye hospitali kubwa za afya ya akili na za rufaa. Afrika Kusini wanapima kwa miezi: mwaka mmoja wa tarajali, halafu mwaka wa utumishi wa jamii ulioanzishwa 2003. Tunaweza kuiga yeyote kati ya hao, ila saa ya Marekani ina dhana ndani yake ambazo tusizibebe bila kuzifungua. Imetungwa kwa mteja mmoja, mwenye miadi, kwenye chumba chenye mlango.

Katika wodi za huku mgonjwa huja na watu wake. Shangazi ndiye aliyemleta, kaka ndiye anayelipa, mama analala kwenye mkeka pembeni. Mazungumzo yenye uzito mara nyingi hufanyika na hao, pengine uani, mgonjwa akiwa amelala kwa dawa. Daftari linalotambua mtu mmoja mmoja na familia kama safu mbili zilizotengana linamlazimisha mwanagenzi aseme uongo mdogo kila siku: aandike mgonjwa wakati aliongea na shangazi, au aandike familia wakati hakuna kikao kilichoitwa cha familia. Sharti langu la kwanza linamtambua anayewajibika kwa mteja kwa sababu hiyo hasa. Kuhusu muda, tuandike dakika halisi na kuachana na saa ya heshima ya dakika 50. Kazi ya wodini huja vipande vya dakika 15 na 20, na vipande vinne vya aina hiyo, vikiwa na lengo na kumbukumbu, ni saa moja iliyofanyiwa kazi. Elimu kwa umma, ile ya kwenda shule au msikitini au kanisani kuwazungumzia watu 200 habari za msongo wa mawazo, ni huduma nzuri sana ila iwe na safu yake. Mwanafunzi aliyetimiza nusu ya saa zake kwa mikutano ya hadhara hajajifunza kukaa na mtu mmoja anayelia.

Idadi? Zile 240 za CACREP zikitimizwa kwa ufafanuzi mkali zinatosha kwa unasihi wa uzamili. Kwa saikolojia tiba ningeenda 400, na katika kila saa 20 moja iwe imeonwa au kusikilizwa na msimamizi. Namba hizi ni maoni, na mwenye zake azilete. Ninayoing'ang'ania ni ile moja ya ishirini, kwa sababu ndiyo ghali kwa chuo na ndiyo itakayokuwa ya kwanza kufutwa bajeti ikibana.

Kuna saa moja ambayo masharti yangu yanashindwa nayo. Bibi anayezungumza Kigogo analetwa hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, mwanasaikolojia mwandamizi hakijui, na mwanafunzi aliyetoka Mpwapwa anaketi kati yao akitafsiri huku na huku. Mteja yupo. Bila mwanafunzi kusingekuwa na huduma yoyote. Masharti yote mawili yametimia, na bado hakuamua swali hata moja la kuuliza. Wapo watakaosema aandike saa kamili. Wengine watasema alikuwa mkalimani tu. Mwalimu mmoja niliyemweleza alijibu haraka kwamba hiyo ni saa ya mwandamizi. Nilimuuliza kama mwandamizi angeweza kuiandika ripoti yake bila kumrudia mwanafunzi kuuliza bibi alimaanisha nini. Hadi tupate jibu zuri zaidi, ningeifungulia safu ya peke yake, na ningetaka bodi iisome.